Mkono Niliokatazwa Kuandikia

Sisi tuliojifunza kuandika mtaani Baba Dogo miaka ya tisini hatukuanza na penseli. Mwalimu Wambui wa darasa la kwanza alituchuchumaza nyuma ya darasa, tukachora herufi mchangani mpaka kucha zikajaa vumbi. Kisha tuliandika hewani, darasa zima mikono juu, tukiimba, "Zunguka, panda, shuka." Ukifuzu hapo ndipo ulipata penseli, tena nusu, maana mama aliikata kwa kisu itoshe watoto wawili.

Yangu niliishika kwa mkono wa kushoto.

"Huo ni wa kushikilia daftari," Mwalimu alisema, akaihamishia kulia. Akigeuka, nairudisha. Rula ikatua vidoleni. Kwa mkono wa kulia herufi zangu zilipepesuka kama walevi siku ya mshahara.

Nilimwambia Baba siendi tena shule. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, hakunigombeza. Asubuhi alinipeleka mwenyewe, ovaroli mwilini.

"Mwalimu, huyu anakula na kushoto, anarusha mawe na kushoto. Mpe muda."

"Kiganja chake kitafuta kila anachoandika, Baba Nekesa," Mwalimu alijibu. "Sawa, nampa mpaka tufunge shule. Akishindwa, ni kulia."

Jioni za muhula ule wenzangu walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na bladda ya kuruka kamba huko nje, mimi niko sakafuni na daftari. Kweli kiganja kilifuta. Nililia, nikaanza upya. Nililiinamisha daftari huku, nikaliinamisha kule, mpaka likalala kimshazari na kiganja kikapita chini ya mstari. Herufi zikasimama wima.

Siku ya kufunga shule Mwalimu alisimama nyuma yangu nikiandika sentensi nzima. Kisha akamwita Otieno, mwenzangu wa kushoto aliyekuwa ameshakubali kulazimishwa kutumia mkono wa kulia.

"Njoo uone Nekesa anavyolaza daftari," alimwambia. "Na wewe jaribu hivyo."

Wanangu leo huandika kwa vidole gumba, na simu huwamalizia neno kabla hawajalifikiria. Juzi niliwaomba wamwandikie nyanya yao kadi, wakauliza kama meseji haitoshi. Simu nikazifungia kabatini. Waliandika wakinung'unika, na Jumamosi wataandika tena. Hakuna atakayewachapa vidole, na hilo nalishukuru. Ila natamani waujue utamu ule wa kuliona jina lako, hata likiwa limepinda, likitoka mkononi mwako mwenyewe.