Swali la Mama wa Mutuka

Namshukuru Mungu aliyenipa ulimi, akanivumilia nilipoutumia vibaya. Yeye hutusikia hata pale tunaposhindwa kupanga maneno, wala hajawahi kumwaibisha mtu kwa lafudhi yake. Sifa ni zake kwa miaka aliyoniongezea, maana bila miaka hiyo nisingepata nafasi ya kuandika haya.

Nilizaliwa nyanda za juu za Mbulu, nikashuka Babati nikiwa na mke na watoto wawili, nikawa mwinjilisti katika usharika wa Kilutheri upande wa Bagara. Nilikua na lugha ya kwetu; Kiswahili nilifundishwa shuleni. Kiingereza nilikiokota chuo cha Biblia, tena vitabuni zaidi kuliko mdomoni. Kusoma niliweza. Kujibu niliweza kidogo. Kuuliza ndiko kulikonishinda.

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya. Mji ulijaa makarani na wafanyabiashara kutoka mikoa mingine, chumba cha kupanga kikawa cha kugombania, na ofisi nyingine zilipata kibao kabla ya kupata meza. Wageni wa ng'ambo, ambao zamani walitupita tu wakielekea kwingine, nao wakaanza kusimama. Mchungaji akaniita na kuniambia kuwa zahanati ya kanisa itapokea madaktari wa macho kutoka nje kwa siku tatu, na mkalimani nitakuwa mimi.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Kabla ya hapo nilikuwa nimempokea mgeni mmoja wa kanisa, nikamuuliza kwa Kiingereza yale ambayo kwetu ni adabu kumuuliza mgeni: umeoa, una watoto wangapi, wazazi wako wazima, mbona umesafiri peke yako. Alijibu mawili, kisha akaniuliza kama hati zake zina tatizo. Vijana wa kwaya walisikia. Kwa muda mrefu, kila nikiingia kwenye mazoezi, mmoja wao alikuwa anapiga saluti na kusema, "Afande, shikamoo."

Basi nikaenda kwa jirani yetu, mama mmoja mhamiaji kutoka Kilimanjaro aliyefundisha Kiingereza sekondari. Jioni alikuwa anachambua maharage uani, mimi nimekaa na daftari.

"Haya, baba mwinjilisti, mimi ni mgonjwa. Niulize ninaumwa wapi."

Nikamuuliza.

"Hapo umeshanikamata," akasema. "Nimeiba nini?"

Nikarudia, taratibu.

"Sasa umenifunga na pingu. Baba, swali la Kiingereza halirushwi. Linasogezwa, kama unavyomsogezea mtu kiti. Mwambie ungependa kujua. Mwambie kama hatajali kukueleza. Na sauti ishuke mwishoni, hatuko mimbarini."

Kwa mwezi mzima alinifundisha hivyo, bila kudai chochote. Tulichagua maswali tisa yanayofaa zahanati: dawa itiwe mara ngapi, mgonjwa arudi lini, kuna chakula cha kuepuka, na mengine ya namna hiyo. Niliyarudia nikilima, nikitembea, nikisubiri ugali, hadi yakatoka kama ya mtu aliyezaliwa nayo. Siku ya mwisho akanipa mkono.

"Hayo tisa sasa ni ya kwako. Likija la kumi, usihangaike na uzuri. Liseme vibaya tu. Watakuelewa."

Nilimwitikia. Sikumsikia.

Siku ya kwanza ya kliniki ilikwenda vizuri kupita nilivyoomba. Daktari niliyepangiwa alikuwa mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, mpole, asiye na haraka. Mchana aliniuliza nilisomea nchi gani. Nikamjibu kuwa nilisomea hapahapa. Akasema maswali yangu ni mazuri kuliko ya wakalimani wengi aliowahi kufanya nao kazi. Sifa ile nilimsimulia mke wangu mara mbili. Mara ya pili akaniuliza kama naongeza mboga.

Siku ya pili akaingia mama mmoja kijana kutoka kijiji cha Mutuka, muumini wa usharika wetu, na binti yake wa miaka sita hivi. Jicho la kushoto la mtoto lilikuwa limefunikwa na utando mweupe. Daktari alilimulika kwa muda mrefu, akagusa kope, akalimulika tena. Kisha akaniambia nimweleze mama kwamba jicho hilo halitaona tena, lakini la pili litatunzwa kwa dawa. Nikamweleza. Daktari akavuta kiti, akasema nimuulize kama ana lolote analotaka kujua.

Kwetu neno zito huanzwa mbali. Mama yule alianza na mvua za mwaka ule, barabara ilivyokuwa, baba wa mtoto alivyokuwa hayupo. Akasema mtoto alishikwa na surua, macho yakavimba, na mama mkwe akaleta majani. Yeye mwenyewe aliyasaga, akayakamulia jichoni, huku mtoto analia na kumshika mkono. Akafika hapo akashusha sauti.

"Mwinjilisti, naomba umuulize. Ni mkono wangu uliolifumba hili jicho?"

Swali hilo halikuwa miongoni mwa tisa. Maneno nilikuwa nayo, sitadanganya. Ningeweza kusema kwa Kiingereza kibovu kwamba mama ametia majani, je, majani yameua jicho? Mtoto wa darasa la saba angeweza. Lakini lingetoka kama swali la Afande, mbele ya daktari aliyenisifu jana yake. Na jambo lingine lazima niliandike, kwa kuwa Mungu analijua: niliona aibu mgeni asikie kwamba watu wa kanisa letu bado wanakamulia majani machoni.

Nikachukua swali moja kati ya yale tisa. Nikauliza, kwa sauti iliyoshuka vizuri mwishoni, kama daktari hatajali kutueleza dawa itiwe mara ngapi kwa siku.

Alinitazama. Akamtazama mama, ambaye machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Ni hilo tu?" akaniuliza.

Nikasema ni hilo tu. Akajibu kuwa ni mara tatu.

Nikamgeukia mama. "Anasema utie mara tatu kwa siku."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Hakusema jingine?"

"Hakusema."

Akaitika kwa kichwa, akapokea kichupa, akatushukuru wote wawili, akamshika mtoto mkono wakatoka. Mimi nikamwita anayefuata.

Mtu yeyote aliyelelewa kwetu anajua nilichokifanya. Ukimuuliza mtu mzima kama mgonjwa wako atapona, naye akakuuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji, umejibiwa. Hakuna anayerudia swali. Anayekwepa anakuhurumia, asikupige na neno lenyewe. Kwa hiyo mama wa Mutuka alipata jibu siku ile, tena kamili. Nilimpa mimi, kwa niaba ya mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Miaka saba ikapita. Katika miaka hiyo niliona kwamba haji kwenye Meza ya Bwana. Kanisani alikuja, aliimba, alikaa benchi la mwisho, na Chakula cha Bwana kilipoandaliwa alitoka nje. Nikadhani ni jambo la ndoa, nikaliacha, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mvumilivu.

Msimu mmoja wa mavuno nilikwenda Mutuka kuombea nyumba za waumini. Kwake nilimkuta akipukuchua mahindi. Binti, sasa mrefu, aliniamkia, akaniletea chai, akaenda kuteka maji. Ndipo nikamuuliza mama mbona anakaa mbali na Meza.

"Unaniuliza wewe?" akasema. "Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo wapi, mama?"

"Siku ile daktari alipokataa kunijibu. Nikaribie Meza na mkono gani?"

Nikaitua chai chini. Nikamwambia yote: maswali tisa, sifa ya yule daktari, aibu ya majani. Sikujitetea, na nilipomaliza nilitamani nijitetee. Yeye aliendelea kupukuchua.

"Kwa hiyo sikuuliza," akasema.

"Hukuuliza."

"Miaka saba, mwinjilisti, na wala sikuuliza."

"Nisamehe, mama."

Hakusema amenisamehe. Aliumaliza ule muhindi hadi gunzi likabaki tupu, akalitupa pembeni. "Keshokutwa twende hospitali mjini. Nitauliza mwenyewe. Wewe utakaa nje."

Nilikaa nje, kwenye benchi. Daktari alikuwa kijana wa hapa nchini, na kupitia mlangoni nilisikia sauti ya mama ikianza mbali, kwenye mvua za mwaka ule, na kijana yule hakumkatiza. Alipotoka na binti yake alisimama mbele yangu.

"Anasema surua peke yake huweza kupofusha. Na majani huweza. Ni kipi kati ya hivyo, hawezi kujua leo. Kovu limeshakuwa la zamani. Aliyeliona likiwa bichi ndiye angejua."

Alisema bila kupandisha sauti. Binti yake alimshika mkono. "Mama, mimi nimekuambia mara ngapi? Mlikuwa mnanitibu. Twende."

Nilikuwa na neno la kumwambia. Ninalo hadi leo, na bado sijui namna ya kulisema, katika lugha zangu zote tatu.

Jumapili iliyofuata ya Meza ya Bwana, alinisubiri mlangoni kabla ya ibada.

"Leo nakuja," akasema. "Ila kikombe asinipe wewe. Bado."

"Asante, mama," nikamjibu.

Mimi ndiye ninayemsaidia mchungaji kikombe. Safu ya mama inapofika, humkabidhi mchungaji na kusogea pembeni, nikasimama nimeinamisha kichwa hadi atakapoinuka. Watu wanaona, hawaulizi. Imekuwa hivyo tangu siku ile. Namshukuru Mungu kwamba anakuja. Lile "bado" lake sijalihesabia siku, na sina haki ya kumwuliza litakwisha lini.

Wewe unayesoma, Bwana akupe mtu mwaminifu wa kulifikisha neno lako siku utakaposhindwa kulisema mwenyewe. Na kama wewe ndiwe uliyekabidhiwa neno la mwenzako, akujalie moyo wa kulitoa lilivyo, hata likitoka limepinda na watu wakakucheka. Amani yake ikae nawe na nyumba yako.