Harusi ya Watu Sifuri

Kwa jumla ilinitoka shilingi elfu ishirini na moja na mia tano. Nilipohesabu mara ya pili ikawa elfu ishirini na moja na mia nane, kwa kuwa mara ya kwanza nilisahau pesa za simu. Na harusi yenyewe haikuwa yangu. Hata nyama sikula.

Shangazi yangu wa mtaa wa Mbotela, dada yake baba, aliuza kibanda chake cha mitumba akaamua kuwa mpangaji wa sherehe. Mteja anapiga simu moja tu, yeye anamletea hema, viti, chakula na mbuzi. Kasoro ilikuwa moja: hakuwa na hema, wala kiti, wala mbuzi. Alikuwa na mdomo, na alikuwa na mimi, mpwa wake ninayetengeneza programu za mtandaoni. Kibanda kilikuwa kimeshachukuliwa na mwingine. Biashara hii ikifa, hana pa kurudi.

Nikamjengea mfumo. Katikati niliweka kiini kidogo kinachojua mambo matatu tu: mteja ni nani, sherehe ni lini, itafanyika wapi. Halafu kila mwenye kazi akapewa kipande chake cha kupachika kwenye kiini hicho, chenye maswali yake na bei zake, na ruhusa ya kukirekebisha apendavyo. Mwenye hema na chake, mwenye viti na chake, mpishi na chake, muuza mbuzi na chake. Kesho akija mpiga picha, anapachika chake bila kubomoa kitu. Akichoka, anakitoa na kwenda zake.

Nilijua hatari iko wapi kwa sababu nimekulia kwenye nyumba za kaunsili, zile za halmashauri ya jiji. Kaunsili ilijenga nyumba moja ya mawe. Baba akaegemeza jiko la kuta za mabati kwenye ukuta. Mpangaji akaegemeza chumba kwenye jiko. Kinyozi akaegemeza kibanda chake cha kunyolea kwenye chumba. Siku jiko lilipobomolewa, mteja wa kinyozi alitoka nje amenyolewa upande mmoja.

"Kila mtu aegemee nyumba," niliwaambia wote wanne. "Asiegemee jirani." Wakaitikia kama watu walio kanisani, yaani kwa sauti kubwa na bila nia yoyote.

Wa kwanza kuasi alikuwa mama mpishi wa Makongeni. Kipande chake kilitakiwa kumuuliza mteja idadi ya wageni. Akaona ni kazi bure.

"Mteja ameshaulizwa viti vingapi," alisema. "Kwani anayekaa hali?"

Akakielekeza kipande chake kichungulie kwenye cha viti. Mwenye hema akaona ni ujanja, akaiga. Muuza mbuzi wa Kiamaiko naye akaiga. Nikaenda kulalamika kwa shangazi.

"Wewe unataka mteja aulizwe jambo moja mara nne ili ulipwe mara nne?"

"Shangazi, hata mara moja sijalipwa."

"Basi usijichoshe, baba."

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa harusi ya Jumamosi pale Makongeni, watu mia tatu, na mama wa bibi harusi ni mwanamke ambaye akisifu, mtaa mzima unasikia, na akilaani pia unasikia. Shangazi aliijua hesabu hiyo kuliko mimi. Jumatano, mbele ya mama huyo, akamwambia mwenye viti apunguze kutoka shilingi ishirini kwa kiti hadi kumi na tano.

"Basi mama, tafuta viti kwingine," mwenye viti akasema, akatoa simu na kukiondoa kipande chake kwenye mfumo.

Mwendo ule naujua. Viatu vyangu vyote nilivinunua nikiwa nimempa muuzaji mgongo. Unaondoka polepole, unangoja uitwe. Shangazi naye anaujua, ndiyo maana hakumwita. Mmoja akangoja kuitwa, mwingine akangoja kurudiwa. Sokoni hilo halina neno: ukiondoka, viatu vinabaki pale pale juu ya gunia. Lakini huyu aliondoka na gunia. Na mfumo wangu ukamruhusu bila kelele, kwa sababu hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nimejigamba nayo.

Ijumaa asubuhi muuza mbuzi akanipigia.

"Niaje, bosi. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Si harusi imevunjika? Ametoroka msichana ama kijana?"

"Hakuna aliyetoroka!"

"Hapa kwangu inasema viti sifuri, wageni sifuri, mbuzi sifuri. Hata bwana harusi hayumo. Wale mbuzi sita nimewauzia watu wengine."

Nilipompigia mama mpishi nikamkuta ametulia nyumbani. Hakuwa amenunua hata kitunguu. Mwenye hema alikuwa ameweka kando lile dogo la kukingia jua watu wanane.

Nikakimbilia Kiamaiko. Mtu mwenye harusi kesho hana mgongo wa kumwonyesha muuza mbuzi. Nilibembeleza, nikasema tutanunua tena, nikamtisha hata kwa mvua itakayofukuza wanunuzi. Akaongeza elfu tatu kwa kila mbuzi, na mbuzi ni sita, na pikapu elfu mbili; nikalipa yote bila shangazi kujua. Kutoka hapo nikaenda kwa mwenye viti. Nilimkuta mlangoni amekalia kimoja, mia mbili tisini na tisa vimepangwa nyuma yake.

"Mbona mmekawia?" akasema. "Nawangoja tangu Jumatano."

Shilingi ishirini, hakushuka hata senti. Nikamlipa tofauti, elfu moja na mia tano, kutoka mfukoni mwangu, ili amwambie shangazi amekubali kumi na tano. Akakirudisha kipande chake. Mfumo ukafufuka, wageni wakawa mia tatu, mwenye hema akatoa lile kubwa, mama mpishi akashika njia ya soko.

Harusi ikafana. Mama wa bibi harusi akasifu, na mtaa ukasikia. Nami nimeihamishia idadi ya wageni kwenye kiini, mahali ambapo hakuna anayeweza kuondoka nayo.

Ila shangazi anatembea Mbotela akieleza jinsi alivyomnyamazia mwenye viti mpaka akarudi mwenyewe, na muuza mbuzi, anasema, bei yake haijapanda hata kidogo. Wateja wawili wapya ameshawaahidi viti vya kumi na tano na mbuzi wa bei ile ile. Nikimdai pesa zangu, atajua kwamba alishindwa, ataenda kugombana tena, na viti vitaondoka. Nikinyamaza, harusi mbili zijazo nazo ni zangu kulipia.

Nyinyi mlio na mashangazi, nishaurini: nianze kumdai mbuzi, au nianze na viti?