Jaketi Nyekundu Ndani ya Blanketi

Juzi ndani ya metro ya kwenda mtaa wa Husby, huku ughaibuni, mama mmoja wa Kikongo alimtandikia rafiki yake mapajani blanketi aliloshona kwa jaketi laini za baridi, za flisi, zilizowabana wanawe zamani. Alikuwa anampelekea mjukuu wake wa kwanza, mwenye siku tatu duniani.

Mwanamume mwenye ndevu aliyekaa mbele yao akainama, akashika kiraka chekundu. Lebo ya jina, ile tunayowashonea watoto wa chekechea hapa, ilikuwa bado ipo.

"Mama, hili ni jina langu."

"Weye? Na mandevu yote ayo?"

"Niligombezwa wiki nzima kwa jaketi hii! Mamangu alisema nimeitupa kwenye theluji."

"Kumbe! Mtoto yangu alirudi nayo, na miye sikuuliza." Hapo hapo akalikumbatia blanketi. "Lakini siikati! Iko ya mtoto."

"Usikate, mama. Mimi nataka kusafisha jina tu."

Akampigia mamake simu ya video, akaielekeza kwenye lebo. "Umeona? Sikuitupa!"

Behewa lote tukainua shingo. Yule mama kwenye simu akaitazama lebo, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Nimeiona," akasema. "Na kofia yake je?"

Nilicheka mpaka nikapitiliza kituo. Jamaa ana mvi kidevuni na bado ana kesi ya kujibu. Bibi wa mtoto alimhurumia, akalitandaza blanketi upya, nasi tuliokaa karibu tukaanza kuitafuta kofia kiraka kwa kiraka.