Karatasi ya Gazeti Kati ya Mizinga Miwili

Saa mbili asubuhi, baridi bado haijaachia bonde la matufaha la Grabouw, na Gideon Arendse amepiga goti mbele ya mzinga nambari kumi na tisa. Anapuliza moshi mara mbili, anainua fremu moja, anaielekeza kwenye mwanga na kukunja uso.

"Hawa hapa," ananiambia. "Malkia hakuna, tulimtoa wiki mbili zilizopita. Lakini angalia ndani ya vyumba. Mayai. Vibarua wameanza kutaga."

Anamkamata mmoja kwa vidole vitupu, anamtia doa la rangi nyeupe mgongoni na kumfungia kwenye kichupa. Leo anatakiwa kupeleka vichupa kumi na viwili kwa Daktari Zintle Mbewu, mtafiti anayechunguza jeni za nyuki hawa. Kazi hiyo humpa randi 280 kwa siku. Ana miaka sitini na miwili, na bonde zima linamwita Oom Gideon, kama wanaume wa rika lake wanavyoitwa huku.

Karibu kote duniani, nyuki kibarua akitaga, yai lake hutoa dume tu, na mzinga huo hauna maisha. Nyuki wa Rasi, yaani wa huku kusini mwa Afrika Kusini, wana mambo yao. Kibarua wao hutaga bila dume, na yai likatoa jike kama yeye, pengine hata malkia. Daktari Mbewu anasema siri iko kwenye badiliko dogo sana katika jeni moja.

Ndiyo maana mfugaji wa huku hakosi usingizi kwa sababu ya mzinga uliopoteza malkia. "Waache, watajipanga wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa," anasema Oom Gideon. Kosa lake lilianzia hapo hapo.

Mwaka 1990 alikuwa dereva wa mfugaji mmoja mkubwa. Majira ya baridi walipakia mizinga kwenye lori na kuifuata mishubiri iliyokuwa ikichanua kaskazini, upande wa Hammanskraal. Huko alimkuta Lesiba Kekana, kijana wa miaka thelathini na mmoja aliyekuwa na mizinga thelathini na minane, yote ameitengeneza kwa mkono wake. Walipatana siku ya kwanza. Lesiba alimcheka kwa kahawa yake yenye sukari vijiko vitano, naye Gideon alimcheka kwa kuvaa tai shambani kila Jumapili.

Mizinga mitatu ilikuwa imeumia njiani na kupoteza malkia. Tajiri alisema itupwe. Gideon aliona hasara, akampa Lesiba kama zawadi na kumfundisha kuunganisha: weka karatasi ya gazeti juu ya mzinga wako, itoboe vitundu vitatu, kisha pandisha wageni juu. Nyuki watalitafuna gazeti polepole, na wakikutana watakuwa wamezoeana harufu.

Gazeti lilitafunwa vizuri. Wageni walipokelewa, wakalishwa kama malkia, wakataga. Hawakutafuta hata chembe ya chavua. Malkia wa wenyeji akafa, wenyeji wakapungua, na wageni wakahamia mzinga wa jirani.

Septemba Lesiba alipiga simu kutoka dukani. Sauti yake ilikuwa chini. Mizinga minne imekufa, alisema, na mingine imedhoofika.

Oom Gideon anaweka kichupa chini kabla ya kuendelea. "Mimi sikujua sababu. Ningesema sijui, basi. Lakini nilijiona fundi, nimetoka Rasi, nitasemaje sijui? Nikamwambia, kaka, gazeti umelitoboa sana. Unganisha tena hiyo dhaifu na yenye nguvu, safari hii weka karatasi mbili."

Lesiba alitii. Kila alipounganisha, alikuwa anamkaribisha muuaji kwenye mzinga mwingine. Krismasi ilipofika hakubaki na hata mmoja. Akaenda kulinda tanuri la matofali na akakaa huko miaka ishirini na sita.

Miaka michache baadaye wataalamu walieleza kwamba vibarua wa Rasi ndio walioua mizinga kote kaskazini, na kuvusha nyuki wa Rasi kukapigwa marufuku. Oom Gideon alielewa siku hiyo hiyo. Hakupiga simu. Anasema aliona haya, na haya ikazoea kukaa. Mkewe, Magrieta, ana maneno yake: "Kila Jumamosi anaosha gari. Mdomo ndio hajawahi kuuosha."

Mwaka huu, wakinywa chai, Daktari Mbewu alimweleza jambo ambalo yeye aliliona la kusisimua tu. Wale walioangamiza mizinga ya kaskazini, alisema, jeni zao zinafanana mno. Wote ni uzao wa kibarua mmoja. Oom Gideon aliacha chai yake, akaenda kusimama karibu na mizinga, na aliporudi alimsimulia yote.

Daktari hakumlaumu. "Oom, malori yalikuwa mengi mwaka ule," alimwambia. "Huwezi kujua kama kibarua huyo alipanda lori lako."

"Huyo nyuki simjui," Oom Gideon akamjibu. "Maneno nayajua. Yalitoka kinywani mwangu."

Mwezi uliopita aliipata namba ya Lesiba kupitia kwa binti yake mwenyewe, akapiga. Lesiba alicheka, akamuuliza kama sukari bado haijamuua. Kisha akamwambia kwa furaha kwamba anafundisha vijana watatu ufugaji.

"Nawaambia kila siku, chungeni gazeti," Lesiba alisema. "Msiwe kama mimi, niliua mizinga thelathini na minane kwa kutoboa karatasi vibaya."

Oom Gideon alisema simu inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Tarehe kumi Juni atapanda basi la kaskazini, mishubiri ikianza kuchanua. Nguo za kazini ataziacha nyumbani zote. Amenunua shati jipya na viatu vipya, asije akabeba nyuki hata mmoja kwenye mkunjo. Hatapeleka zawadi, anasema zawadi yake ya kwanza ilitosha.

Nilimuuliza atamwambia nini, baada ya miaka thelathini na mitano. Alifunika mzinga, akapanga vichupa vyake.

"Nitaomba awaite na wale vijana watatu," alisema. "Halafu nitamwambia mbele yao. Lesiba, gazeti uliliweka sawa."