Gitaa la Anicet Lajifunza Kugombana

Anicet alivuka mpaka kutoka Kongo mwaka 1971 pamoja na mkewe Alphonsine na gitaa moja la umeme, na muda si mrefu akapata kazi katika bendi ya baa mjini Arua, Uganda. Vidole vyake vilikwenda kama cherehani, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Zamu yake ya solo ikifika, alimwaga noti zote alizozijua, bila kituo, kama mtu anayemimina gunia la njugu juu ya bati. Wachezaji walirudi kwenye viti wakihema.

"Wewe hapana pumua," Lado, mpigaji wa rithimu, akamwambia. "Sasa sisi tutapumua saa ngapi?"

Nyumbani, mazoezi yakianza tu, Alphonsine alijitwika sufuria akaenda kupikia kwa jirani yao Hawah.

Asubuhi moja, Mariam Poni, muuza samaki wakavu wa mtaa huo, aliingia katika ua wa Hawah. Anicet alikuwa dirishani kwake na gitaa mapajani.

"Hawah," Mariam Poni akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole. Akanyamaza. Watu wakaanza kusogea.

"Kuku yangu."

Akanyamaza tena. Mpita njia mmoja akashuka kwenye baiskeli.

"Kuku yangu ile nyekundu. Ile nyekundu ya kutaga. Hawah, iko wapi?"

Ile "wapi" ilipanda, ikaning'inia juu ya paa, ikajivuta, kisha ikashuka taratibu. "Eeeh!" mtaa mzima ukaitika.

Mwili ulimsisimka Anicet. Mama huyu alikuwa amesema maneno machache tu, na watu walikuwa wanangoja linalofuata vinywa wazi! Wiki nzima akafanya mazoezi ya ugomvi ule kwenye gitaa. Kuku mwenyewe alipatikana ameatamia chini ya kitanda cha Mariam Poni, lakini hakuna aliyeombwa radhi.

Kisha bendi ikaitwa Koboko kupiga kwenye arusi ya mchana. Bibi arusi alikuwa mpwa wa Mariam Poni. Zamu ya solo ilipofika, Anicet alipiga noti mbili za chini. Akanyamaza. Akapiga tatu. Waliotoka Arua wakasimama, wakatazamana.

"Kuku yangu!" mmoja akapiga kelele, na kicheko kikalipuka.

Mariam Poni akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumtazama Anicet. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye spika iliyounganishwa na betri ya lori.

"Wewe sanduku! Nani nafundisha wewe maneno yangu?"

Anicet alitaka kukimbia, lakini vidole vikamjibu mama wa watu: *Iko wapi?*

"Hapana!" Mariam Poni akaipiga spika kwa mwiko. "Mimi hapana sema mbio namna hiyo. Sema 'kuku yangu', halafu kaa. Watu wafikiri kwanza. Na hiyo 'wapi', vuta! Vuta kama unang'oa muhogo!"

"Ndiyo, mama," Anicet akasema. Akauvuta uzi wa gitaa mpaka ukalia kama mtu aliyeonewa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Lakini kuku ilikuwa chini ya kitanda yako!" Hawah akadakia kutoka upande wa wageni. Anicet, asitake kuegemea upande wowote, akalipiga na hilo pia.

Mariam Poni akacheka mpaka akajiangusha juu ya betri. Waya wa spika ukachomoka. Sauti ya gitaa ikakatika katikati ya neno. Arusi nzima ikakaa kimya ikingoja, na Lado alipofanikiwa kuurudisha waya, watu walikuwa tayari wanapiga makofi wakisema hawajawahi kusikia kituo kizuri namna ile.

Tangu siku hiyo bendi iliitwa hata Oraba, kwenye mpaka wa Sudan. Kila arusi ya upande ule, Mariam Poni aliwekewa kiti mbele ya jukwaa, na Anicet akianza kuharakisha, mwiko uliinuka. Sokoni Arua wagombanao waliteremsha sauti walipomwona anapita. Naye Alphonsine, aliyekuwa amerudi kupikia kwake, alianza kumkaripia mumewe kwa ishara za mikono.

Binti yao Odile alipozaliwa, Anicet alimsikiliza akilia, akipumzika, akivuta pumzi, akianza tena juu zaidi.

"Huyu anajua!" akasema, akanyoosha mkono kutafuta gitaa.

Alphonsine alikuwa ameshalikalia.