Zoezi la Kufukiwa

Mama alimruhusu mdogo wangu arudi mlimani kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa mimi. Tulikuwa nyumbani Baghdadiyah, Jeddah, tumemaliza kula, na mdogo wangu alikuwa anamwonyesha Mama kwenye simu picha za safari yetu ya kwanza Georgia, kwenye milima ya Kaukazi: sisi wawili na mibao ya kutelezea mgongoni, theluji mpaka mapajani, nyuma yetu kilele kisicho na njia wala nyumba. Mama alitazama picha moja tu.

"Theluji hii ikimfukia, nani atamtoa?"

"Mie, Mama. N'tamtoa."

"Unajua kumtoa?"

"Najua."

Nilijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi.

Sisi asili yetu Unguja. Babu na bibi walihamia Jeddah baada ya Mapinduzi, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kugusa barafu isipokuwa ya friji. Ugonjwa huu mdogo wangu aliuokota chuoni, ng'ambo, akaja kuniambukiza. Na wala si ule mchezo wa kupandishwa juu kwa viti vya kamba, ukashuka njia iliyosawazishwa na mashine. Sisi tunapanda kwa miguu yetu. Ubao wetu unagawanyika vipande viwili virefu. Unavibandika chini kitambaa chenye manyoya ili visirudi nyuma, unapanda saa nyingi, na ukifika juu unaviunganisha na kuteleza mahali ambapo pengine hajapita mtu. Mteremko mzima unaweza kuporomoka na kukufukia, na huko hakuna wa kukuokoa ila mwenzio. Ndiyo maana kila mmoja huvaa kifuani kifaa cha kurusha mawimbi, na hubeba ufito mrefu wa kukunja pamoja na sepetu. Mwenzio akifukiwa unayafuata mawimbi yake, unamgusa kwa ufito, halafu unachimba kufa kupona.

Taabu ni kwamba wote wawili tunafanya kazi Riyadh, na theluji ya kujifunzia hakuna. Mchanga ndio tele. Kila Ijumaa tulitoka nje ya mji hadi kwenye vilima vya mchanga, pamoja na rafiki wa mdogo wangu, Msaudia wa hapo hapo Riyadh, ambaye angefuatana nasi safari ya pili. Tulipanda vilima na mibao miguuni huku familia zilizokuja kunywa chai zikituangalia kama wendawazimu. Kisha mdogo wangu alifukia begi lenye kifaa kimoja, na mimi nikalitafuta. Mwenye ahadi kwa Mama nilikuwa mimi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari, alilitupa begi chini.

"Begi halina roho. Leo nifukieni mie."

Kule Georgia, kwenye mafunzo, mwalimu alimlaza ndani ya shimo la theluji, akalifunga, tukamtafuta, naye akatoka akicheka. Alitaka vivyo hivyo. Nikamwambia haiwezekani. Akang'ang'ania. Nikamwambia ana kichwa kigumu na siku moja kitavunjika. Akaniangalia kwa tabasamu lile linalonipandisha hasira tangu utotoni.

"Dada, unaogopa mchanga? Sasa kule si utalia?"

"Haya, lala," nikasema. "Lala huko huko usirudi!"

Nilienda kusimama nyuma ya gari, nimewapa mgongo, nisione mahali anapofukiwa. Mdogo wangu alichimba chini kabisa ya kilima, upande ule mkali ambao mchanga wake ni laini, akajilaza, akashika ubao juu ya uso na kifua ukawa kama paa, redio ya mkononi ya kuongelea karibu na mdomo, na ya pili ninayo mimi. Rafiki yake alimfunika mchanga kidogo tu. Haya yote nilihadithiwa baadaye.

Nilichosikia mwenyewe ni mngurumo mzito, wa chini, nikadhani ndege inapita. Nilitazama juu. Ndege hakuna. Rafiki akaja mbio, midomo imemkauka.

"Kilima kimeshuka," aliniambia kwa Kiarabu.

Kwa kuchimba pale chini mdogo wangu alikuwa amekata mguu wa kilima, na kilima hakikuwa tena na cha kuegemea. Kwenye theluji jambo hilo tusingelifanya hata kwa kulipwa. Theluji tuliiogopa, mchanga tuliuzoea, basi tukauvunjia heshima. Pale alipolala palikuwa sasa pametanda mchanga mpya, mpana, laini, hauna hata alama ya mguu. Rafiki alionyesha kwa kidole hapa, akaonyesha pale, kisha akashika kichwa.

Redio mkononi mwangu ikakoroma.

"Dada, mnanimwagia mchanga mwingi. Yatosha."

Hakujua. Alidhani bado tunacheza.

"Usiseme," nikamwambia. "Pumua taratibu."

"Zoezi limeanza?"

"Limeanza. Nyamaza."

Niligeuza kifaa changu kitafute mawimbi yake. Namba ya umbali kwenye kioo inatakiwa ipungue kadiri unavyokaribia, lakini nilikwenda kwa pupa nikapita, namba ikapanda. Nikageuka, ikapanda tena. Rafiki alikuwa anapiga kelele niende polepole, nami nikamtukana kwa Kiswahili, lugha asiyoijua. Nilipoinamisha kifaa mpaka kikagusa mchanga, namba ikaanza kushuka. Nikapiga magoti, nikachoma ufito. Kwenye theluji ufito unaingia kama kisu kwenye papai. Mchanga uliukataa. Niliulalia kwa uzito wangu wote, ukapinda, nikachomoa, nikachoma pembeni. Mara ya tatu ukagonga kitu kigumu. Ubao wake.

Tukachimba. Nikichota sepetu moja, mchanga unaorudi ni wa mbili. Shimo halikukubali kuwa shimo. Redio ikasema, "Dada, kifua," na baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu anayesinzia, "Mnachelewa." Baada ya hapo ikawa kimya. Nilimwita jina lake, nikamwita mpumbavu, nikamwomba Mungu, na vyote vitatu vilitoka kwa pamoja. Maishani mwangu sijawahi kuogopa namna ile. Nilikuwa naona uso wa Mama, na mimi mbele yake sina la kusema.

Aliyepata akili ni rafiki. Aliuchukua ubao wangu na wake, akaisimamisha upande wa juu, akaikandamiza kwa mgongo wake iwe ukuta, akapiga kelele, "Yalla! Chimba!" Mchanga ukasita kurudi. Nikaona ukingo wa ubao, kisha vidole. Niliuvuta ubao. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, mchanga umemjaa puani na kwenye kope. Nikamtia vidole mdomoni nikamkomba mchanga, rafiki akamwinua kwapani, na akakohoa. Kilikuwa kikohozi kibaya, kirefu, chenye mchanga na damu ya pua, na kwangu hakuna sauti iliyowahi kuwa tamu zaidi. Nikamkumbatia. Kisha nikamzaba kibao.

Alipoweza kuongea alicheka, mjinga yule.

"Si umenitoa? Mwambie Mama: Dada anajua."

Rafiki hakucheka. Alinipa simu yake. Zoezi ni zoezi, alikuwa amewasha saa tangu alipomaliza kumfunika, na kuizima ulipoonekana uso. Nilisoma, nikampa mdogo wangu naye asome. Dakika ishirini na sita. Kwenye mafunzo tulirudiwa mpaka tukachoka kwamba chini ya theluji robo saa ni nyingi mno. Na kule hakuna anayepata nafasi ya kujiwekea ubao usoni kabla ya kuangukiwa.

Cheko lilimkatika. Wiki ile ya safari, badala ya ndege ya Georgia, tulipanda ya Jeddah.

Mama alifungua mlango akashangaa. "Kwani hamjaenda?"

Nilijitayarisha kusema, lakini mdogo wangu alinitangulia. "Dada hawezi kunitoa, Mama. Tumejaribu."

Aliliweka hivyo hivyo, bila ubaya, huku akivua viatu. Iliniuma kuliko kama angenirudishia kile kibao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mama akamsikiliza akieleza yote, mchanga, redio, dakika. Alimtazama macho yake yaliyokuwa bado mekundu. Akanitazama mimi, kucha zilizovunjika, mkono niliofunga bendeji. Nilingoja anigombeze. Akamgeukia yeye.

"Na dada'ko je? Angefukiwa yeye, weye ungemtoa?"

Mdogo wangu akaushika mkono wangu wenye bendeji. Ijumaa zote zile, hatukuwahi hata siku moja kujifunza kunitafuta mimi.