Leo Wamepungua Watatu

Shangazi yangu alikuwa mhariri wa matangazo ya vifo redioni. Mtaani walimwita Kamusi, lakini kwa siri. Ni mume wake tu aliyethubutu kumwita hivyo usoni. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kalamu nyekundu mkononi, ukutani orodha ya maneno yaliyoruhusiwa. Serikali ilikuwa imetugawa madaraja matatu. Mtu wa daraja la kwanza akifa "ametutoka", akatajwa jina, cheo na ukoo. Wa daraja la pili "amefariki", jina tu. Wa daraja la tatu hawakutajwa kabisa. Walijumlishwa mwishoni kama magunia: "Leo wamepungua saba."

Aliipenda kazi hiyo, hata nyumbani. Ukisema mezani umechoka, alikusahihisha: umetumika. Mimi, mpiga chapa wake, nilikuwa nikicheka huku nakula chakula chake.

Mume wake, fundi viatu, alikuwa wa daraja la pili mpaka aliposema mbele ya mjumbe kwamba foleni ya unga ni ndefu. Foleni hazikuwa ndefu. Zilikuwa "zimehudhuriwa vizuri". Mdomo ukaponza kichwa, akashushwa hadi daraja la tatu. Mama yake, aliyeishi mwendo wa siku mbili kwa basi, hakujua, maana barua yenye habari ya kushushwa haikupita kwa wakaguzi. Simu hakuwa nayo. Alikuwa na redio tu.

Mwezi wa sita kifua kilimuua fundi. Msomaji wa taarifa redioni, rafiki wa marehemu, alimwambia shangazi aliandike jina ili mama mtu asikie, aje kumzika mwanawe. Yeye atalisoma, liwalo na liwe. Nami nilimsihi. Shangazi aliniuliza kama nimechoka kuishi kwenye nyumba yenye maji ya bomba, nyumba ya daraja lake. Sikuwa nimechoka.

Akaandika: "Leo wamepungua watatu." Nikapiga chapa bila kosa hata moja. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe nilikuwa mimi.

Tulimzika watu sita, haraka haraka. Siku ya kumi na moja mama yake akabisha hodi. Alikuwa amevimba miguu, na kwapani ana sweta jipya la sufu alilomfumia mwanawe kwa ajili ya kile kifua.

"Kila jioni nasikiliza, mkwe wangu," alisema akikaa. "Wiki ile wakasema watatu, nikashtuka. Halafu nikamshukuru Mungu, jina la mwanangu halikutajwa. Yuko wapi, ajaribu kulivaa?"

Shangazi alilishika lile sweta, akalipapasa mikono. Nilidhani sasa atasema.

"Ametumwa kazi mbali, mama," akasema. "Atachelewa kidogo."

Bibi akalikunja sweta vizuri, akaliweka mapajani, akasema basi atamngoja. Mimi nikaenda kumtandikia kitanda.